Chumba Kidogo Kikikushinda Kupanga: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Kazi yangu ni kutengeneza samani na kupanga nyumba ndogo: singo (chumba kimoja tu), bedsita (chumba kimoja chenye jiko na choo chake), na zile za chumba kimoja na sebule. Nafanya zaidi Kisumu, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi Mamboleo, na ninapoitwa Nakuru napanda. Simu nyingi huanza vilevile. Mtu ameona picha ya chumba kizuri, akanunua vitu kama vile vya kwenye picha, na sasa nyumba haikaliki. Malalamiko yanafanana mno, ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kinatangulia.

Kabla hujanunua chochote, tafuta tepu ya kupimia, chaki, penseli na kipande cha nailoni. Nyumba nyingi nilizoitwa hazikuhitaji kitu kipya. Zilihitaji kitu kimoja kitolewe au kisogezwe.

"Nimepanga na kupangua, bado kumejaa"

Chanzo kikuu, na kinavizidi vingine kwa mbali, ni samani zilizopimwa kwa macho. Sofa ikiwa kwenye uwanja wa fundi au ndani ya duka pana huonekana ndogo. Chukua singo ya futi 10 kwa 10, yaani futi mraba 100. Kitanda cha 5 kwa 6 kinakula 30. Sofa ya watu watatu, urefu futi 7 na kina futi 3, inakula 21. Meza ya sebuleni ya 4 kwa 2 inakula 8. Umeshatumia 59, na hujaweka jiko, wala friji, wala mitungi ya maji, na mlango nao unataka karibu futi 3 za kuzungukia unapofunguka.

Pima hivi. Chora kwa chaki sakafuni alama ya kila kitu kilipo, kisha pima nafasi kati ya alama na alama. Njia ya kupita mtu mmoja isipungue sentimita 60. Pale unapopita na sufuria ya moto mkononi, ziwe 75.

"Fundi, kwani nyumba imepungua?" mama mmoja wa Migosi aliniuliza hata kabla sijaketi. Nikamwambia, "Mama, hebu nishikie hii chaki." Tulipopima, kati ya kitanda na sofa palikuwa na sentimita 38. Kitambaa cha mkono wa sofa kilikuwa kimepauka mahali pamoja, ukubwa wa kiganja, pale paja lake lilipokuwa likisugua kila alipopita ubavu. Sofa ile aliiuza, akachukua viti viwili vilivyosukwa kwa gugu maji, vile vinavyotengenezwa hapa hapa kando ya ziwa. Kiti kimoja unakiinua kwa mkono mmoja. Wageni wakija kinasogezwa, wakiondoka kinarudi kwenye kona. Sijaona samani inayofaa chumba kidogo cha Kisumu kuliko viti hivyo, mradi visiwekwe penye unyevu, kwa sababu huota kuvu.

Chanzo cha pili ni kila kitu kusimama sakafuni wakati ukuta kuanzia kifuani kwenda juu uko mtupu. Panda ukuta: rafu nyembamba juu ya mlango, vyombo vya kuning'inia, ndoano za mikoba. Cha tatu ni kitanda chenye miguu mifupi. Kitanda kikiwa na uwazi wa sentimita 35 chini yake, sanduku, viatu na mablanketi vinaingia, na kabati moja linakuwa halina kazi tena. Cha mwisho ni pazia zito lililokatiza chumba katikati kutwa nzima. Lifunge kwenye waya karibu na dari na ulivute kando asubuhi, chumba kitakurudishia urefu wake.

Wengi huniuliza juu ya kitanda cha juu chenye meza chini. Fanya hesabu kwanza. Dari likiwa futi 8, ni kama mita 2.4. Mtu akiketi kitandani anahitaji karibu sentimita 90 juu ya godoro. Toa hizo, toa godoro na fremu yake, unabaki na kama mita 1.3 chini. Utaketi kusoma hapo, lakini hutasimama. Nakuru nawatengenezea watu bila wasiwasi. Kisumu, kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, nakataa, maana hewa moto hupanda na mtu atakuwa amelala ndani yake. Ufundi mzuri hauwezi kuondoa hilo.

Simama hapa: usivunje ukuta ili "kufungua" jiko na sebule, hata ukuta uonekane mwembamba namna gani. Baadhi ya kuta zimebeba boriti au sakafu ya juu. Hilo ni la mwenye ploti na mhandisi aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya. Fundi wa samani hana idhini ya kulisema, na mimi ni mmoja wao.

"Usiku joto halilaliki"

Hii ni ya Kisumu zaidi, na chanzo cha kwanza huwashangaza wengi: ni mbu. Nyumba nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha. Mtu anahamia, mbu wanamsumbua, anayaziba kwa magazeti, kisha anafunga dirisha saa kumi na mbili jioni. Kuanzia hapo chumba hakipumui hadi asubuhi. Angalia juu ya dirisha lako sasa hivi. Ukikuta gazeti au nguo kuukuu, toa, funga wavu wa mbu kwenye tundu na kwenye dirisha lote, kisha acha wazi. Wavu hupunguza upepo kiasi, kwa hivyo fungua dirisha zima badala ya nusu. Neti ya kitandani usiitoe hata ukiwa na wavu dirishani, kwa sababu malaria ya ukanda huu wa ziwa haina mchezo. Weka ndoano ya neti kwenye mpango wako tangu mwanzo. Nimeona vitanda vya kukunja vya bei kubwa ambavyo haviwezi kuwekewa neti, na mtoto ndiye anayelala humo.

Cha pili ni dirisha kuzibwa na kabati au kichwa cha kitanda. Cha tatu ni hewa kukosa pa kutokea. Funga uzi mwepesi katikati ya dirisha lililo wazi na uutazame. Usipotikisika wakati nje miti inacheza, upepo hauna njia ya kutoka upande wa pili. Fungua tundu juu ya mlango, au dirisha la nyuma. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Dirisha linalotazama ziwa, ambalo ndilo kila mtu hulisifu, saa tano usiku huenda likawa mlango wa kutokea hewa, na wa kuingilia ukawa upande ulioufunga.

Cha nne ni ukuta wa magharibi. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua huchoma kuta za mashariki na magharibi, na ule wa magharibi hulipokea wakati hewa yenyewe imeshapata moto. Saa mbili usiku weka kiganja kwenye kila ukuta. Ule ulio na vuguvugu usiegemeze kitanda hapo. Kabati lenye nguo ndilo likae upande huo, limeachana na ukuta kidogo, na nje panda kitu cha kutambaa au tundika mkeka wa matete.

Mabati yasiyo na dari nimeyaweka mwisho kwa sababu hayo si ya mpangaji kuyatatua peke yake. Zungumza na mwenye ploti juu ya dari, na uwazi kati ya dari na mabati uwe na matundu ya kutoa joto. Kama unataka kupanda juu ya mabati mwenyewe kupaka rangi nyeupe, usipande. Mwite fundi wa mabati anayejua mahali pa kukanyaga. Feni ya darini pia ni ya fundi wa umeme, kwa sababu ndoano isiyoshika boriti itaiangusha.

"Ukuta nyuma ya kabati umeota kuvu"

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ukuta hupoa sana. Watu hufunga kila kitu kwa ajili ya baridi, wanapika, wanaanika nguo ndani, wanalala wanne chumba kimoja. Mvuke wote huo hutafuta mahali penye baridi zaidi, napo ni nyuma ya kabati lililobanwa ukutani.

Lakini usikisie. Chukua nailoni safi ukubwa wa karatasi ya kuandikia, ikaushe, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki mwanya, uiache siku mbili. Nilifanya hivi kwenye nyumba moja ya Free Area ambapo mwenyewe alikuwa ameshanunua rangi ya kuzuia maji ndoo nzima. Siku ya pili matone yalikuwa upande wa chumba, madogo madogo kama jasho la glasi, na chini ya nailoni ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye sufuria zake, ukuta haukuwa na kosa. Ndoo ya rangi aliirudisha dukani.

Matone yakiwa upande wa chumba, vuta kabati lote sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, funika sufuria unapopika, anika nguo nje, na fungua madirisha ya pande mbili robo saa kila asubuhi hata kama kuna baridi. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yako ndani ya ukuta. Hapo toka nje uangalie kwa mpangilio huu: gata iliyoziba au iliyopasuka juu ya ukuta huo, udongo au saruji ya nje iliyopanda juu kuliko sakafu ya ndani, kisha bomba linalopita ukutani. Unyevu unaoanzia chini ukapanda hadi magotini na kuacha chumvi nyeupe huenda ni nyumba iliyojengwa bila tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Hiyo haiponi kwa rangi.

Kusafisha: osha kwa sabuni na brashi, kausha, kisha paka dawa ya kung'arisha nguo (bleach) iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi na pua imefunikwa. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na chumba kidogo hakikupi nafasi ya kukimbia. Kuvu likizidi mita moja ya mraba, au kukiwa na mwenye pumu nyumbani, mpe fundi kazi hiyo.

"Naamka kichwa kinauma"

Dalili hii hainijii kama tatizo la upangaji. Mtu huisema pembeni tu, tukiwa tunapima pazia, nami huacha tepu papo hapo. Swali la kwanza: usiku mnaingiza jiko la makaa ndani ili kupasha chumba?

Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na jiko likishakuwa jekundu bila moshi bado linaitoa. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ndizo dalili zake, na aliyelala huenda asiamke tena. Hakuna mpango wa samani unaofanya jiko la makaa liwe salama chumbani mwenu mnapolala. Litoe nje, leo. Nawaomba sana watu wa Nakuru, Molo na Kericho, ambako baridi ndiyo huwashawishi: blanketi la pili, zulia sakafuni, pazia nene usiku na chupa ya maji moto vinatosha. Ukishuku mtu amevuta gesi hiyo, mtoe nje apate hewa safi na mumpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Gesi ya mtungi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hulala chini, palepale godoro la sakafuni lilipo. Weka meko karibu na dirisha au mlango, mbali na pazia na kitanda. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo na kwenye bomba lake. Mapovu yakivimba, inavuja. Ukinusa gesi usiku usiwashe taa wala kuizima. Funga mtungi, fungua mlango, wote mtoke nje, na mwite aliyewauzia gesi au fundi anayejua kazi hiyo.

"Chumba ni giza mchana kutwa"

Mara nyingi ni pazia nene ambalo halijawahi kuvutwa kando zaidi ya nusu. Fito ya pazia iwe ndefu kuliko dirisha, sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani, lisikae juu ya kioo. Kisha osha kioo. Baada ya hapo angalia rangi: ukuta wa kijivu kizito unaopendeza kwenye picha hunywa mwanga wote wa dirisha moja dogo. Nyeupe ya maziwa kwenye ukuta unaokabili dirisha inatosha, kuta nyingine ziwe upendavyo. Kioo cha kujitazama kiwekwe ubavuni mwa dirisha au kulikabili. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama wa ile ya zamani ya wati 60. Chagua yenye kelvini 3000 kwa kupumzikia na 4000 jikoni. Ile ya 6500 ina ubuluu, na hufanya hata chakula kizuri kionekane kimelala.

"Rafu inalegea ukutani"

Rafu yangu ya kwanza niliifunga kwa misumari ya konkriti, na usiku wa tatu ilishuka na sahani zote za nyumba. Msumari ulikuwa umeshika lipu tu. Lipu huwa na unene wa sentimita moja na nusu hivi, na haibebi kitu.

Toboa kwa drili na uangalie vumbi. Kwanza litatoka la kijivu, laini, hilo ni lipu. Likibadilika kuwa jekundu umefika kwenye tofali. Ukiona mchanga unamwagika tu bila ukinzani, ukuta ni dhaifu, hamisha tundu. Keekee ikidumbukia ghafla, umeingia kwenye uwazi wa bloki, na hapo unahitaji plagi, yaani kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, iliyo maalumu kwa bloki tupu. Plagi ya milimita 8 huingia tundu la milimita 8, lisizidi hata kidogo, na skrubu isiwe fupi kuliko sentimita 6.

Kwenye ukuta wa jipsamu, TV na rafu za vyombo zifungwe kwenye mbao au chuma kilicho nyuma, kamwe si kwenye bodi yenyewe. Gonga kwa kidole: penye mlio mzito ndipo penye mbao. Tena usitoboe mahali palipo sawasawa juu, chini au ubavuni mwa soketi na swichi, kwa kuwa ndimo nyaya hupita.

"Ekstensheni inapata moto"

Chumba kidogo huwa na soketi mbili na vitu kumi. Soketi ya kawaida ni ampea 13 kwa volti 240, yaani takriban wati 3,100 kwa jumla. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita. Simu, redio na TV hazina neno. Vitu vya kupasha moto ndivyo vya kuchomeka ukutani moja kwa moja, kimoja kwa wakati. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, wala usiipitishe chini ya zulia au nyuma ya godoro.

Plagi ikigeuka kahawia, harufu ya plastiki ikitoka, au brekaa ikianguka mara kwa mara, zima na usiirudishe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Usikubali kubadilishiwa brekaa kubwa zaidi "ili isisumbue", maana hiyo brekaa ndiyo inayowalinda.

"Meza ya kukunja na droo hazifungi tena"

Karibu kila mara ni mbao mbichi. Saiprasi iliyopasuliwa juzi itakauka ikiwa tayari ni meza, na itapinda. Kabla ya kumlipa fundi wako, sokoni Kibuye au popote pale, inua kipande cha mbao ile. Kikiwa kizito na cha baridi mkononi, mbao bado ina maji. Droo iliyobana msimu wa mvua tu ipigwe msasa ubavuni kidogo na kupakwa mshumaa. Bodi iliyovimba kingo kwa maji hairudi hali yake. Kipande hicho ni cha kukatwa na kubadilishwa.

"Kuna ufa ukutani, niufunike na karatasi ya urembo?"

Usiufunike kwanza. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida lipu inapokauka. Lakini Nakuru imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, juu ya udongo wa majivu ya volkano, na sehemu zake za magharibi zimewahi kupasuka ardhi. Nako Kisumu kuelekea uwanda wa Kano kuna udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi, ukipandisha na kushusha msingi.

Chora mstari wa penseli ukikatiza ufa, weka alama kwenye ncha zake mbili, pima upana wake kwa milimita, andika tarehe ukutani hapo hapo. Rudia kila mwezi, mvua na kiangazi. Usipobadilika, ziba na upake rangi. Ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha au mlango ukaenda mshazari, unaozidi milimita 5, au uliopita alama yako ya penseli, pamoja na mlango ulioanza kukwama ghafla, mwonyeshe mwenye ploti pamoja na tarehe zako na umtake alete mhandisi. Ukisikia mlio wa kupasuka au vipande vikidondoka darini, usingoje mhandisi. Watoe watoto kwanza, vitu vitafuata mhandisi akishasema pako salama.